Supu ya Kuku kwa Miche ya Pasheni

Mume wangu Jeconia haamini kwamba chakula kinaweza kumdhuru kiumbe yeyote. Ukimtembelea, utakula hadi uombe msamaha. Hilo sina neno nalo. Shida ni kwamba kwenye nasari yetu hapa Kamakis, tunakootesha miche ya kuuza, miche nayo huipokea kama wageni waliotoka mbali.

Aliloweka mavi mabichi ya kuku kwenye pipa, akainyweshea miche ya matunda ya pasheni. Eti supu. Majani yakajikunja, kingo zikakauka kama zilizopitishwa motoni. Na miche hiyo ilikuwa ya Munyao, mkulima wa kule ng'ambo ya Thika, ambaye mashimo alikwisha kuchimba. Muuzaji mwingine aliwahi kumpa miche ikamfia yote. Nasi tungemwangusha, kanisa lake zima lingesikia.

Nikakimbia Ruiru kwa Wangeci wa agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo. Alitazama picha kwenye simu yangu, akacheka.

"Mama Lynn, hawa hawana njaa. Wamevimbiwa! Amonia imewazidi." Akanipa chupa ya silikoni, dawa ya kuikinga mimea. "Changanya na maji, mwagilia kidogo. Itawasaidia kuvumilia. Lakini hiyo supu ikome, umenisikia?"

Nikaisuuza miche kwa maji mengi, nikaitia silikoni, nikangoja. Majani mapya yakachipuka yamenyooka, kijani kibichi. Nikaimba. Kumbe uzuri huo ndio ungeniponza.

Alhamisi nikitoka sokoni, harufu ilinipokea kabla ya lango. Jeconia alikuwa ameinamia mistari ya nyuma, ndoo mkononi.

"Baba Lynn! Unafanya nini?"

"Si umewapa kinga? Sasa wale vizuri."

"Mtu akikupa koti la mvua utajitupa mtoni?"

"Inategemea koti."

Jamani, huyu mwanamume! Nikamnyang'anya ndoo, nikamwaga maji safi hadi mgongo ukalia. Mistari ya mbele ilinusurika. Ya nyuma ikaanza kujikunja tena.

Jumamosi Munyao akaja na pikapu. Alipofika mistari ya nyuma, akainama kuitazama. Jeconia akawahi:

"Ni ile dawa ya mama. Imechoma."

Nilifunzwa kumwachia mume heshima yake mbele ya wageni. Lakini Munyao angerudi shambani akiiogopa chupa, ilhali adui ni ndoo.

"Mzee Munyao, dawa haina kosa. Ni mavi ya kuku. Chukua ya mbele. Hii ya nyuma sikuuzii mpaka ipone, na isipopona sikuuzii kabisa."

Akageuza jani. Akatoa mche mmoja kwenye kifuko chake cha udongo, akakagua mizizi taratibu, akaurudisha.

"Ya mbele nachukua. Ya nyuma nitairudia. Lakini mama, huyu mzee wako asiikaribie."

"Kwani mimi ni mbuzi?" Jeconia akalalamika.

"Mbuzi tungemfunga kamba," nikamwambia. "Haya, msaidie mgeni kupakia."

Akapakia vizuri tu, mche mmoja mmoja, kama anayebeba mayai. Nilipopita nyuma ya pikapu nikamsikia akimnong'oneza Munyao, "Na kwako mnafuga kuku?"