Alama ya Penseli Ukurasa wa Tisa

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tunamwita Chiriku. Yeye huongea, mimi huandika. Idara ya historia ilipotangaza nafasi moja ya mhadhiri msaidizi tuliomba sote wawili, na Profesa akasema ataamua kwa mada tutakazowasilisha.

Idara ina desturi yake: rasimu haiendi mbele mpaka mwenzako aisome kwa penseli na kutia sahihi kwenye jalada. Chiriku aliniletea yake chumbani kwetu.

"Dada, nikaange bila mafuta," alisema akicheka.

Aliandika jinsi tamthilia za Wayunani wa kale zinavyoweza kutufundisha siasa za mji wao. Kila sentensi tamu. Kijicho kikanipanda. Miaka yote nimeinamia vitabu, yeye anaandika kama anapiga soga!

Ukurasa wa tisa nikaona kosa. Katika tamthilia ya vichekesho, mhusika anamtukana kiongozi kwamba amenunua kura. Chiriku akalichukua tusi lile kuwa ushahidi. Nikaandika pembeni: "Huu ni utani wa jukwaani. Unatuambia watu walikuwa tayari kucheka nini, si kwamba kura zilinunuliwa."

Nikayatazama maneno yangu. Kisha nikayafuta, nikapuliza vumbi la kifutio, nikatia sahihi.

"Iko sawa," nilimwambia.

"Hata mkato mmoja? Dada, unaumwa?" Akanikumbatia.

Siku ya kuwasilisha, Profesa alimkatiza palepale kwenye kura zilizonunuliwa.

"Mchekeshaji akisema nina pembe, mtaninunulia kofia yenye matundu?"

Chumba kikaangua kicheko. Chiriku akanyamaza. Sikuwahi kumwona akinyamaza.

"Nani alisoma rasimu hii?"

"Dada yangu," alijibu. "Na kama yeye hakuliona kosa, basi si rahisi kuonekana. Msimlaumu."

Profesa akaichukua rasimu, akauinamisha ukurasa wa tisa kuelekea dirishani. Mimi hukandamiza penseli. Alisoma kimya, akanitazama.

"Niliona," nikasema. "Nikafuta."

Aliichukua rasimu yangu iliyokuwa ikingoja zamu, akanirudishia bila kuifungua.

Chiriku akaupokea ukurasa wake. Akapitisha kidole pembeni, polepole, akifuata mikwaruzo ya maneno yangu mpaka mwisho.

"Sentensi nzuri hii, Dada," alisema. "Ungeniachia."