Nimekusubiri, Nilikusubiri

Ustadh Shawqi alitufundisha Kiingereza pale Muharram Bey, Iskandaria, juu ya mkahawa wa maharage. Hakuna alichokipenda kama kitenzi kimoja: kile cha jambo lililokwisha kutendeka, ila lini hakisemi. Kiarabu hakina kitenzi cha namna hiyo, kwa hiyo wenzangu darasani walitoka jasho. Mimi, niliyenyonya "nime" na "nili" pamoja na maziwa ya mama, nilicheka kimoyomoyo.

"'Nimekula,'" alikuwa akisema kwa Kiingereza. "Ukitaja saa, umekiharibu. Adabu yake ni kutotajiwa siku."

Adabu hiyo ilimfaa mno. Alikuwa amemchumbia Inshirah, mfamasia wa mtaa wa pili, miaka saba. Mama wa binti akimkumbusha kuwa ahadi ni deni, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Harusi? Nimeamua, mama. Na nyumba? Nimeitafuta. Siku hataji, si adabu. Dume zima limejificha nyuma ya kitenzi, na sisi tunamlipa ada. Nilimchukia kwa hilo.

Jioni moja Inshirah mwenyewe akaingia darasani, pete kidoleni, akaketi mbele yangu.

"Karibu, bibi harusi," Ustadh akasema, akitukonyeza. "Haya, tupe mfano."

"Kwanza nijibu, Shawqi. Harusi lini?"

"Jamani, mmemsikia? Eti lini. Si nimekwambia nimeamua? Hapo lini haiingii, habibti."

Darasa likaangua kicheko. Inshirah hakucheka. Alimtazama mchumba wake kitambo, kama mtu anayempa nafasi ya mwisho, lakini yeye alikuwa akifurahia mzaha wake. Basi akasimama, akatoa mfano wake kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja:

"Nilikusubiri miaka saba."

Ustadh akakunja uso kama aliyeuma kokoto kwenye maharage.

"Kosa hilo. Ukisema 'nilikusubiri', kusubiri kumekwisha. Sema 'nimekusubiri': ulianza zamani, na mpaka sasa bado unasubiri. Haya, rudia."

Inshirah akavua pete, akaiweka mezani kando ya kifutio.

"Sijakosea, mwalimu."

Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Ustadh alikuwa bado ameinua chaki, anamsubiri arudie.