Debe la Mafuta ya Mbu

Watu wa Maneromango wananijua, mimi Swaumu nina mdomo. Lakini asubuhi ile Mzungu wa afya alipoinama kwenye bwawa langu na upawa wake, niliufumba, nikatazama atachota nini.

Mwaka ule mvua za vuli zilitutupa. Mahindi yaliungua shambani, mihogo ikaliwa na nguruwe. Kilichobaki ni bwawa la nyuma ya nyumba alilolichimba marehemu mume wangu. Magimbi yameuzunguka ukingo wote, majani mapana kama nyungo, na katikati mayungiyungi yametanda majini. Wajukuu wanne walikuwa wanakula magimbi yale asubuhi na jioni. Bwawa likifa, na sisi tumekwisha.

Mzungu akauinua upawa juani. Viluwiluwi vikachezacheza ndani yake. Sikatai, vilikuwemo.

"Mbu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Mwaga mafuta. Bwawa yote."

Aliyeambiwa ni Hemedi, Mnyamwezi wa Tabora, jitu la kifua, mbeba debe la Mzungu la mafuta ya kuulia mbu kijiji hadi kijiji. Bwawa la jirani yangu Mwinyimadi lilikwisha kumwagiwa. Magimbi yake yalinyauka, na yale waliyowahi kuchimba yalinuka mafuta hata uyachemshe vipi. Mtoto wake mdogo aliyatapika.

Mimi na Hemedi tulikuwa watani, kama Mzaramo na Mnyamwezi walivyo popote wanapokutana. Siku tunamzika mume wangu alijilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Tulimpa, tukicheka huku tunalia. Akidai mtani unatoa, na hukasiriki.

Lakini siku hiyo hakunitania. Alifungua mfuniko bila kunitazama usoni.

"Hemedi! Unanifanyia nini, mbeba mizigo wewe?"

"Niache, mtani. Hii kazi."

Akaliinamisha debe. Matone ya kwanza yakaanguka, yakatanda juu ya maji rangi rangi. Loo! Nilipandwa na hasira mpaka macho yakaona giza. Nikaingia majini na kanga yangu, matope mpaka magotini, nikalikamata debe kwa mikono miwili.

"Nimelichukua! Kwa utani wetu, debe hili langu!"

"Shika!" Mzungu akafoka. "Wewe Hemedi, shika!"

Hemedi angetaka, angenirusha mimi na debe lenyewe ng'ambo ya bwawa. Tukavutana kidogo. Akanitazama, halafu akaachia. Nikatoka nalo mbio, nikayamwaga mafuta yote njiani, mchanga ukayanywa. Nikaangua kicheko, nikimngoja naye acheke.

Hakucheka. Mzungu alimwendea, akamvua kofia ya kazi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kazi basi. Leo. Kwenda."

Mimi aliniambia atarudi na debe jingine. Hakurudi mpaka masika, na magimbi tulikuwa tumeshayala. Hilo nililijua baadaye. Saa ile kicheko kilinikatika, maana sikuwaza kabisa kwamba utani wetu ungemponza mtu. Utani ni wetu sisi, Mzungu ana habari gani nao!

Gari la Mzungu lilipoondoka nikamkimbilia Hemedi.

"Utakwenda wapi?"

"Stesheni ya Soga. Nikipata nauli nitafika nyumbani."

"Una watoto huko?" Miaka yote ile ya kutukanana sikuwahi kumwuliza.

"Sita. Na mama yao hajiwezi."

Nikachimba magimbi makubwa kuliko yote, nikamfungia kwenye kanga. Akajitwika, akashika njia. Nilisimama pale ukingoni, wajukuu wananiita nikawapikie, nami nashindwa hata kugeuka niwatazame.