Injini ya Ziwani

Baba Enock alipohamia Mbekenyera na ng'ombe wake kutoka kule ziwani, alikuja pia na injini ya mtumbwi. Mtumbwi aliuuza, lakini injini moyo wake ulikataa. Tulimcheka hadi mbavu zikauma. Mimi nilimwuliza kama anangoja mikorosho yetu izae samaki.

Mungu si Athumani. Mwezi wa saba, maua ya korosho yakiwa yamechanua, mashine yangu ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga wa njano, ikanizimikia mgongoni. Fundi wa Ruangwa akaniambia kwa simu nisubiri zamu yangu. Mwaka jana nilisubiri, ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua yote, na Prisila wangu akaacha shule ya bweni kwa kukosa ada. Kusubiri tena sikuweza. Nikaibeba mashine mpaka zizini kwa Baba Enock.

"Mama Prisila, umekuja kununua samaki?" aliniuliza, hata sijaitua.

"Cheka umalize, kisha unifundishe. Sitaki kutengenezewa."

Akafunua injini yake, iliyolala chini ya kitenge cha mkewe. "Injini zote zinataka vitu vitatu: moto, mafuta, hewa. Fuata kimoja kimoja, usirukeruke kama mbuzi."

Nikafungua plagi, kwanza ya kwake, kisha ya kwangu. Nikasugua masizi kwa msasa, nikavuta kamba, cheche ikaruka. Moto upo. Nikanusa petroli, oili imechanganywa vizuri. Nikafungua kabureta, nikapuliza kitundu chake. Nikavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta tena na tena mpaka bega likauma.

Baba Enock akakuna kichwa. "Gete, kweli kabisa, mimi nimefika mwisho. Mpelekee fundi."

Machozi yalinilengalenga. Nikamwona Prisila akipalilia mihogo wenzake wakiwa darasani, na hapo hasira zikanipanda.

"Ulisema vitatu. Hewa je?"

"Hewa? Hewa si ipo tu?"

Kumbe! Ziwani hakuna vumbi, na injini yake haina hata chujio la hewa. Sisi tuliokua tukipiga chafya za salfa ndio tunaolijua vumbi. Nikafungua kifuniko cha pembeni. Sponji ilikuwa imeganda unga wa njano, imeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikaifua, nikaikamua, nikaianika mpaka ikakauka.

Nilipoirudisha, Baba Enock aliinama mbele ya bomba la kupulizia atazame vizuri. Nilimwambia asogee, lakini mwalimu haambiwi.

Nikavuta kamba mara moja. Mashine ikanguruma, na bomba likamtemea salfa yote iliyobaki. Akabaki wa njano mtupu, kope na ndevu, akipiga chafya huku ng'ombe wake wakimkodolea macho.

"Sasa umekuwa mtu wa Mbekenyera!" nikampigia kelele. "Karibu!"

Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akajifuta uso.

"Ahsante, Mama Prisila. Mwaka wa nne huu niko hapa, na leo ndiyo nimekaribishwa."

Nikampa ncha ya kanga yangu ajifute na ndevu. Nikaivaa mashine, nikaenda kwenye maua yangu.