Firigisi ya Baba Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota firigisi ya baba mkwe inagonga kifuniko cha hotpoti kutoka ndani.

Kwa baba mkwe, Mzee Makokha, fungu lake la kuku, firigisi ikiwemo, haliguswi mpaka arudi. Jana alienda matangani, akachelewa. Mimi ni mkamwana mgeni. Nililiacha hotpotini, nikalala mapema.

"Nasambu, nitoe," firigisi inasema. "Humu ni vuguvugu. Vijidudu wanafunga ndoa."

"Siwezi. Wewe ni wa baba."

"Baba akinila hivi, atashinda chooni. Ataulizwa nani?"

Nikafikiri. Nitaulizwa mimi. Nikafunua. Vijidudu wamekaa kwenye viti vya kukodi. Bibi harusi ananiomba nirudishie mlango, upepo unaingia.

Nabeba vipande hadi kwenye friji, ambayo sasa ni ghorofa. Mlangoni amesimama ndimu aliyevaa koti la mlinzi.

"Bado vina joto," ananiambia. "Vipoe kwanza. Na usivirundike, vitapashana joto."

Navitandaza kwenye bakuli pana. Paja na kidari hawasemezani, kwa hiyo wanashukuru. Ndimu anavigusa paji la uso kama nesi, anaagiza vifunikwe, halafu anasema, "Juu."

Juu amekaa kuku mbichi, anadondosha maji.

"Dada, shuka. Unawadondokea walioiva," namwambia.

"Nishukeje, sina kichwa."

"Miguu unayo."

"Niliwahi mimi. Tena mkubwa hakai chini."

"Mkubwa gani, hata chumvi hujaonja."

Namshusha mwenyewe. Naosha mikono. Ninapogeuka, baba mkwe ameingia frijini na kofia yake.

"Nani ameshika fungu langu?"

Kwetu mkamwana hamsemeshi baba mkwe uso kwa uso. Nageukia paketi ya maziwa.

"Maziwa, mwambie baba ni mimi. Lingeharibika."

Maziwa yakamwambia. Mzee akasimama pale mpaka kofia ikashika barafu. Nikaamka.

Nilikimbilia jikoni. Hotpoti tupu. Bakuli lipo frijini, rafu ya juu, limefunikwa. Nikajiambia, labda nilitembea usingizini.

Baba mkwe alikuwa amesharudi. Nililichemsha fungu lake mpaka mchuzi ukatokota, nikamtengea, nikasimama kando nikitazama sakafu. Akala, akamaliza na firigisi. Kisha akaigeukia paketi ya maziwa iliyokuwa mezani.

"Maziwa," akasema, "mwambie mkamwana alifanya vizuri."