Mita Mia Tatu

Mimi kompyuta nazipenda, tena kuliko baadhi ya ndugu zangu. Niliacha shule darasa la sita, nikajifunza redio kwa fundi mmoja pale Kiberege, kutoka redio nikaingia kwenye simu, kutoka simu kwenye kompyuta. Sasa nina miaka arobaini na tisa na sijaona laptopu iliyoingia Ifakara ikanishinda kuifungua. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu vyombo hivi, sisemi kama mtu anayeviogopa.

Nasema hivi. Printa ni chombo chenye roho mbaya. Ofisi inayoacha nailoni kwenye skrini mwaka wa tatu ili kompyuta isizeeke, hiyo haijajua imenunua nini. Neno la siri linalobadilishwa kila mwezi huishia kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Nimeviona vikaratasi hivyo vyote, hata cha meneja. Na mtu akikuambia mfumo mpya utapunguza kazi, muulize kazi ya nani. Hayo huwa nayasema popote, mbele ya yeyote.

Moja tu sikulisema siku lilipotakiwa.

Ofisi yetu ilikuwa Mlabani, hapahapa Ifakara, nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na kiyoyozi kimoja. Shirika lilikuwa linafuatilia uzito wa watoto wadogo vijijini. Kila kijiji kilikuwa na mpimaji wake. Anapita kaya arobaini kila mwezi na mizani na kishikwambi, anampima mtoto, anajaza fomu, anatuma. Mtoto akionekana anapungua, muuguzi anapigiwa simu siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa fundi wa vishikwambi, wa mtandao, na wa ile fomu yenyewe. Fomu niliitengeneza kwa mikono yangu.

Mwaka juzi tulimkamata mpimaji mmoja anajaza fomu za kaya zote arobaini akiwa amekaa kilabuni, pombe mezani. Meneja wetu, Egidius, kijana msomi kutoka Dar es Salaam, akaniita.

"Mzee Anselim, hili lisijirudie."

Nikaweka GPS. Kila kaya nikaipa nukta yake kwenye ramani, pale nyumba ilipo. Fomu ikijazwa ndani ya mita mia tatu kutoka kwenye nukta, inatokea kijani. Ikijazwa nje ya hapo, nyekundu. Nyekundu kumi kwa mwezi, mpimaji anaitwa ajieleze. Egidius alipoona inafanya kazi alinipiga bega. "Wewe ungesoma, ungekuwa mbali." Nilitembea na maneno yale wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwezi wa nne uliofuata, Namawala ikawa nyekundu. Kaya thelathini na nne kati ya arobaini. Mpimaji wa Namawala alikuwa Domitila, mama wa watoto wanne, sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliyeifanya kazi hiyo miaka sita tangu tulipokuwa tunatumia karatasi. Akaitwa. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani, kishikwambi amekifunga kwenye kanga kisiingie vumbi.

Egidius akamgeuzia skrini. "Mama, hizi fomu ulijazia wapi?"

"Kwenye kaya zangu."

"Kaya zako hizi hapa. Wewe ulikuwa huku, kilomita kumi na moja, porini."

"Siyo porini, baba. Ni mashambani. Watu wako shamba."

"Watu wote?"

"Walio wengi."

Egidius akanitazama. "Mzee Anselim, wewe ndiye mtaalamu. Mfumo unasemaje?"

Hapa naomba nieleweke. Mtu yeyote wa bonde hili anajua. Mpunga ukianza kuchanua, nyumba za kijijini zinafungwa. Watu wanavuka mto na masufuria, kuku, magodoro na watoto, wanakaa kwenye vibanda vya nyasi kulinda ndege na nguruwe mpaka mavuno yaishe. Miezi mitatu, minne. Mimi mwenyewe nimekulia hivyo. Meno yangu ya kwanza yaling'oka kibandani. Mgeni kama Egidius angeweza kukosea. Mimi sikuwa na haki ya kukosea, na nilikosea siku ile nilipoweka nukta juu ya nyumba nikaiita kaya.

Nililijua hilo palepale kwenye kiti. Lakini kukiri ilikuwa kusema kwamba mfumo niliosifiwa ni wa mtu asiyejua kwao.

"Mfumo unasema kilomita kumi na moja," nikajibu.

Domitila akageuka. "Kaka Anselim. Wewe si mtu wa huku?"

Nikajifanya nachomeka waya.

Egidius akampigia simu mtendaji wa kijiji, akaweka sauti ya nje. Mtendaji, ambaye ofisi yake iko kijijini na kazi yake ni kukaa humo, akasema ukweli wake: mama huyo hajamwona hapo wiki tatu. Basi. Domitila akaacha mizani, akaacha kishikwambi, kanga akaichukua. Barua ya kusimamishwa kazi kwa kutoa taarifa za uongo ilitangulia kufika kijijini kabla yake, maana nakala ilipelekwa kwa mtendaji, na mtendaji ana mke.

Nafasi yake akapewa Lukelo, kijana wa mjini mwenye diploma. Mwezi wa tano ukurasa wa Namawala ulikuwa kijani mtupu, arobaini kwa arobaini. Egidius aliuonyesha kwenye kikao, watu wakapiga makofi. Mwezi wa sita hivyohivyo. Nina maoni yangu kuhusu rangi ya kijani: imeharibu ofisi nyingi kuliko wizi. Mkubwa akiona kijani hafungui ndani.

Mimi nilifungua. Sikufungua kwa sababu ya dhamiri. Nilikuwa natafuta fomu zilizojaa picha ili nipunguze mzigo wa mtandao, nikashangaa za Namawala hazina hata kilo moja ya mtoto. Kila fomu ilikuwa na jibu moja: "Kaya haipo." Lukelo alikuwa anakwenda kweli, nyumba kwa nyumba, anasimama mbele ya mlango wenye kufuli, anabonyeza, anaondoka. Yuko ndani ya mita mia tatu. Hakudanganya hata mahali pamoja. Miezi miwili, watoto sifuri, alama zote.

Nilimuuliza. "Lukelo, hukujiuliza watu wako wapi?"

"Mzee, fomu haijaniuliza hilo."

Fomu ilikuwa yangu.

Jumamosi nikawasha pikipiki, nikaiacha kivukoni, nikavuka kwa mtumbwi. Huko mashambani watu walikuwa wanavuna. Nilimkuta Domitila chini ya dungu, lile jukwaa la miti wanalopanda kufukuza ndege. Kwenye mti wa dungu alikuwa ametundika mizani ya ndoano ya kupimia mpunga, na kwenye ndoano amefunga kanga, na ndani ya kanga mtoto analia. Alisoma mshale, akaandika kwenye daftari la shule. Mizani ile inaruka nusu kilo nusu kilo. Nilitamani kumwambia hivyo, ndivyo nilivyo.

"Shikamoo, fundi," akasema, na tuko rika moja. Ilikuwa dhihaka. "Umekuja kupima umbali?"

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Umeiomba. Pisha, unanizibia mwanga."

Nikahesabu kurasa za daftari. Miezi miwili yote ilikuwemo, lakini majina kumi na saba tu. "Wengine wako wapi?"

Akanionyesha kwa kidole kibanda cha jirani. Mama mmoja kijana alikuwa anapepeta mpunga, mtoto mgongoni. "Yule Verediana. Mtoto wake, Remigius, mwezi wa nne alikuwa ameanza kushuka. Kilo nane na pointi nne. Fomu yake ilibaki kwenye nyekundu zenu, nikasema nitamfuatilia mwenyewe. Sasa haniletei. Wanasema nilikuwa nawatungia watoto wao kilo, nauza majina. Nikipita anaingia ndani."

"Nitamwambia bosi akurudishe."

"Bosi hakunijua kabla. Waambie hawa walionijua."

Hata hivyo nilianza na bosi, maana mtu wa ofisi huanza na ofisi. Nilirudi mchana huohuo, nikamkuta Egidius, nikamwonyesha picha za daftari nilizopiga kwa simu. Alizitazama kwa heshima, hilo nampa.

"Mizani ya mpunga, mzee. Hiyo siyo data."

"Na 'Kaya haipo' mara themanini, hiyo ni data?"

"Tukibadilisha kanuni katikati, taarifa zote tulizopeleka zinakuwa na walakini. Tutarekebisha toleo la Januari."

"Januari watakuwa wameshavuna, wamerudi, wanajiandaa kuhama tena."

"Kwa hiyo unataka niwaambie makao makuu tumekuwa tunapima makufuli?"

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Mzee Anselim, siku ile ulikuwepo. Nilikuuliza wewe. Kwa nini hukusema?"

Kwa kijana wa umri ule, aliuliza swali zuri.

Jumapili nikavuka tena. Katekista Fulgensi huhama na waumini wake. Msimu wa shamba anasalisha hukohuko, chini ya banda la nyasi. Kanisa lilikuwa limevuka mto, mfumo wangu peke yake ndio uliobaki kijijini kugonga milango. Baada ya sala yakaja matangazo: ng'ombe waliopotea, ndoa ya Jumamosi, zamu ya kufagia. Kisha katekista akanipa nafasi.

Nilianza vibaya. Nikasema setilaiti, nikasema nukta, nikasema mita. Kwenye mkeka wa mbele alikaa Bibi Kandida, mkongwe kuliko wote pale. Akainua mkono.

"Mwanangu, ya angani yaache huko angani. Nani alidanganya?"

"Shikamoo bibi. Hakuna aliyedanganya."

"Marahaba. Barua ilisema Domitila."

"Domitila hakudanganya. Aliwapima watoto kweli, hapahapa. Mfumo ndio uliokosea."

"Mfumo ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka.

"Ni wangu, bibi. Niliutengeneza mimi."

Mwanamume mmoja nyuma akadakia, "Wewe si Anselim wa marehemu Hilari? Dungu lenu lilikuwa linatazamana na la kwetu. Mwezi wa nne ulikuwa unalala wapi?"

"Kibandani."

"Na mama yako?"

"Kibandani."

"Sasa huo mfumo ulitaka mama yako akupeleke kupimwa wapi?"

Hapo hawakucheka. Nikasema mbele yao kwamba nilijua, kwamba niliulizwa ofisini nikanyamaza kwa kujipenda, na kwamba mama huyu amepoteza kazi kwa mdomo wangu. Nilifikiri nitajisikia mwepesi. Sikujisikia.

Domitila hakunitazama. Alisimama tu, akaenda kwenye dungu lake, akatundika mizani. Kina mama wakakaa kidogo, kisha mmoja akanyanyuka, wa pili, wa tatu. Verediana alikuwa wa mwisho. Alimtoa Remigius mgongoni, nami nilikuwa karibu kiasi cha kuona miguu yake ilivyokonda. Mtoto hakulia alipowekwa ndani ya kanga. Wengine wote walikuwa wamelia.

Mshale ukasimama kwenye saba. Domitila akamtoa, akamrudisha tena, akasubiri. Saba.

"Anakula?" akauliza taratibu.

"Uji. Anatapika," Verediana akasema. "Ningekuja, mama. Walisema..."

"Najua walivyosema. Usilie sasa hivi. Mpeleke hospitali leo. Usisubiri kesho." Ndipo akanigeukia kwa mara ya kwanza siku ile. "Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ina."

"Basi mpeleke."

Tukavuka. Verediana alikaa nyuma yangu, mtoto kati yetu, nikahisi joto lake mgongoni kupitia shati. Njia ilikuwa na mashimo. Nilikuwa nafunga breki kabla ya kila shimo, na kila nikifunga nilisikia pumzi ya mama, lakini ya mtoto sikuisikia. Kwenye nyumba za Namawala tulipita milango imefungwa yote.

Tulipofika barabara nzuri akazungumza.

"Baba, ile mashine yenu bado ipo?"

"Ipo."

"Na wewe bado uko nayo kazini?"

Ningeweza kumwambia kwamba kesho nitaandika barua, kwamba nitaacha, kwamba nitaibadilisha usipite mwezi. Nina watoto watatu shuleni na sikuwa na uhakika na hata moja kati ya hayo.

"Ndiyo," nikasema.

Tulipofika hospitali alishuka kabla sijazima injini, akaingia na mtoto bila kugeuka, na muuguzi wa mlangoni akamuuliza anatoka kaya gani.