Jiko la Kugusa Tu

Sasa bwana, kama kuna mtu aliyejiamini kwa vitu vya umeme, ni Waya. Mletee feni iliyovunjika shingo, mletee pasi iliyoungua, mletee redio iliyonyamaza tangu bibi yako yuko hai, atakurudishia inafanya kazi, na maneno juu. Jina lenyewe la Waya alipewa kwa sababu hata kwenye harusi za watu alionekana na kipande cha waya kinachungulia mfukoni. Kibanda chake cha ufundi hakikukosa wateja. Lakini mganga hajigangi, na kilichomshinda Waya kilikuwa nyumbani kwa baba yake, juu ya meza ya jikoni.

Baba yake alikuwa mpishi. Na si mpishi wa kubahatisha. Alipikia bweni la shule miaka na miaka, masufuria ya kuingia mtu mzima, mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki, mzee alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, anajipikia, anajiimbia, hana shida na mtu. Halafu macho yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Akawa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Sura yako haoni, na moto wa gesi nao haoni, anausikia tu.

Dada mkubwa wa Waya alikuwa nesi mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi, na alitaka kumchukua mzee akae naye. Mzee alikataa katakata.

"Kwako kuna nini?" alimuuliza kwenye simu, Waya naye anasikiliza. "Kuna kiti. Nitakaa kwenye kiti niletewe chai kama mgonjwa."

"Baba, utaungua humo ndani."

"Sikiliza, mama." Alimwita binti yake mama, kama wazee wengi wanavyowaita mabinti zao. "Siku nikishindwa kujipikia, nitakupigia mwenyewe uje unichukue, wala sitabisha. Kabla ya siku hiyo, niache na jiko langu."

Yakawa makubaliano. Na aliyeyafurahia kuliko wote ni Waya, maana hakutaka baba yake aondoke. Jumapili zake zote zilikuwa pale. Mke hana, mtoto hana, chumba alichopanga nyuma ya kibanda kina kitanda na ndoo. Nyumbani kwake hasa palikuwa kwa baba.

Sasa siku moja mzee alikuwa anakoroga maharage, mkono wa shati ukapita juu ya moto wa pili aliousahau, ukashika. Aliuzima mwenyewe kwa maji ya kuoshea vyombo. Hakuumia sana, malengelenge tu juu ya kifundo cha mkono, lakini Waya aliyaona. Akawaza, dada akisikia hili, kesho kutwa yuko hapa na sanduku. Akaenda dukani mbio mbio kutafuta dawa, na dawa akaiona palepale: jiko la indaksheni. Bapa kama sinia, jeusi, unalibeba kwa mkono mmoja. Halitoi moto. Linapasha sufuria, na ukiondoa sufuria linajizima lenyewe. Waya aliona kama vile limetengenezwa kwa ajili ya baba yake.

Yalikuwepo mawili. Moja lina swichi kubwa ya kuzungusha, imetokeza mbele kama pua. La pili kioo kitupu, laini kuanzia ukingo mpaka ukingo. Unagusa tu, namba nyekundu zinawaka.

"Fundi mzima kama wewe," muuzaji alimwambia, "utambebea mzee hilo lenye pua?"

Waya akacheka, akachukua la kioo.

"Moto uko wapi?" mzee aliuliza Jumapili hiyo, kiganja amekiweka juu ya kioo.

"Halina moto, baba. Ni sumaku. Inapasha sufuria peke yake."

"Jiko halina moto. Kama bwana harusi asiye na bibi harusi. Sasa anamngoja nani hapo mbele za watu?"

"Wewe cheka tu. Hili halishiki shati la mtu. Unagusa hapa, limewaka. Hapa unaongeza, hapa unapunguza. Umeona?"

"Nimeona," mzee akasema.

Waya alichomoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaanza kupima masufuria ya mzee moja moja. Sumaku ikawa inateleza na kuanguka. Alumini tupu.

"Hizi hazifai, baba. Jiko halitazitambua."

"Mimi ninazitambua."

Wakacheka wote wawili, na Waya akazifunga kwenye gunia. Kulikuwa na ile iliyobonyea kitako, ya wali. Kulikuwa na ile yenye sikio moja, ya chai. Mzee aliishika ile ya wali kidogo, akazungusha kidole kwenye ule ubonde, halafu akaiachia. "Haya. Kama ndivyo, ndivyo." Gunia likaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jiko la gesi na mtungi wake Waya alimpa rafiki yake aliyekuwa ameoa juzi juzi, na akashukuriwa sana. Mzee akaletewa sufuria tatu za chuma, kitako kinene, mipini yote sawasawa.

Ukweli usemwe, hapo ndipo palikuwa pa kuuliza. Baba, utaliweza? Hebu jaribu mimi nimekaa. Maneno mepesi hivyo, hayamalizi hata pumzi. Lakini Waya alikuwa ameshaanza kumpigia dada yake simu kumwambia kwamba hatari imekwisha.

Tangu hapo, kwa miezi kadhaa, kila Jumapili alikuwa anaingia, ananawa, anapika mwenyewe kwenye lile jiko, maana alilipenda kama gari. Mzee anakaa kwenye kigoda anamsikiliza akisifia. Linachemsha maji hujamaliza kusema chai! Halina masizi! Na kila alipolikuta, lilikuwa safi, linang'aa.

"Baba, unalitunza kweli. Utadhani limetoka dukani leo."

"Kitu kizuri ni kukitunza," mzee akajibu.

Mama mwenye duka la jirani alimwambia Waya siku moja, "Baba yako siku hizi ni mkate na ndizi, mkate na ndizi. Meno yamemchoka nini?" Waya akasema wazee hurudi utotoni. Akaona mashati yanampwaya mzee shingoni, akaambiwa ni joto, akakubali. Nyumba usiyolala hujui ila yake, na Waya alikuwa halali pale, alikuwa anakuja, anashiba, anaondoka.

Ilikuwa Jumatano, yuko kibandani ameshika pasi ya mtu, dada yake akapiga.

"Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nakuja kumchukua baba."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Kanipigia mwenyewe jana. Kasema ameshindwa kujipikia."

"Ameshindwa vipi? Ana jiko jipya!"

"Mdogo wangu, mimi niko mbali. Wewe uliye karibu ndiye wa kuniambia."

Waya aliacha pasi mezani, hakufunga hata kibanda. Alimkuta mzee amekaa jikoni, kipande cha mkate mkononi.

"Baba, nionyeshe."

Mzee hakujifanya haelewi. Aliinuka, akachukua sufuria, akaitia maji, akaiweka juu ya kioo. Hapo sawa. Halafu akaanza kutafuta pa kuwashia. Kidole kikatembea kwenye kioo, kikatembea, hakuna kinundu, hakuna kijishimo, ni uteleziii mtupu. Tii. Kitu kimewaka, hajui ni kipi. Akatafuta pa kuongezea, kiganja kikagusa chini, tii, limezima. Akaanza upya. Tii. Mlio ni uleule, wa kuwasha, wa kuzima, wa kuongeza, wa kupunguza. Akagusa tena, jiko likajifunga, likabaki linalia tu kila anapoligusa.

"Gesi ilikuwa na swichi," mzee alisema, akipanguza vidole kwenye shati. "Nikiizungusha nusu, mkono unajua ni nusu. Na moto ulikuwa unasema. Hili lina feni ndani, linanguruma, hata mafuta siyasikii. Niliunguza wali mara ya kwanza. Mara ya pili nikala mbichi. Mara ya tatu nikalifuta vumbi."

Waya alikaa chini palepale sakafuni, fundi mzima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila Jumapili unaingia hapa unalisifia kama mke mpya. Mtu anasifia mke wake, utamwambia hajui kupika?"

"Baba, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nilikuwa nasema Jumapili ijayo. Ikija, nakusikia ulivyo na furaha, nasema ijayo."

Waya akaruka juu. Akasema atarudisha jiko la gesi leo leo. Akaenda kweli kwa rafiki yake, akafika mlangoni akakuta mke wa rafiki anachemsha maji ya kumwogesha mtoto mchanga kwenye jiko lile lile, akaulizwa, "Shemeji, karibu, kuna neno?" Akasema alikuwa anapita tu. Akakimbilia dukani kutafuta lile lenye pua. Limekwisha. Lingine halijaja. Basi akazunguka madukani mpaka Ijumaa, akarudi na gundi, akadondosha matone kwenye kioo, moja la kuwashia na kuzimia, mawili ya kuongezea, matatu ya kupunguzia, akayapuliza yakauka, na kwenye ukingo wa chini akabandika kipande cha mbao ili kiganja kiegemee pasipo kugusa.

Asubuhi ya Jumamosi akamshika baba yake mkono akauweka pale. Mzee akapapasa. Tone. Matone mawili. Akawasha, akaongeza mpaka juu, akapunguza, wala hakukosea.

"Ah," alisema, na uso ukamfunguka. "Hii sasa ni kazi ya fundi."

"Kwa hiyo unabaki?"

Mzee alizima jiko. Alilizima vizuri, kwa mara moja.

"Neno langu nimeshalitoa, mwanangu. Dada yako ameomba ruhusa kazini, amepanda basi. Na mimi nimechoka. Nikishajua kwamba naweza kushinda hapa na njaa wewe ukaja ukacheka ukaondoka, nyumba imeshanitisha. Si kosa lako peke yako. Ni langu na lako."

Dada alifika mchana. Hakumgombeza Waya, na bora angemgombeza. Alifunga nguo za mzee, akamnyoa ndevu uani, akamwuliza visu vyake vya kazi vikae wapi. Mzee akasema mpe mdogo wako. Kituoni, kabla basi halijaondoka, mzee alitoa kichwa dirishani akiangalia upande ambao Waya hakuwepo, akasema, "Ule vizuri, we Waya," na Waya akaitika kutoka upande mwingine.

Waya alihamia kwenye ile nyumba, kodi ilikuwa imelipwa. Jumapili ya kwanza alimpigia baba yake.

"Unapika nini?" mzee akauliza.

"Mchuzi wa viazi. Na wewe?"

"Mimi nimekaa kwenye kiti." Akacheka kidogo. "Jiko hapa ni la dada yako. Anapika vizuri, haongezi chumvi mpaka umlilie. Umekata kitunguu?"

"Nimekata."

"Mafuta yapate moto kwanza. Tia. Weka simu karibu nisikie."

Waya akaiweka simu kando ya sufuria. Kitunguu kikaanza kukaangika kwenye mafuta. Mzee akamwambia akoroge, akakoroga. Akamwambia amenye nyanya huku anasikiliza, akamenya, maji ya nyanya yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kitunguu kikabadilika rangi, kikawa cha dhahabu, kikapita dhahabu. Akagusa tone la kupunguza. Kidole kimelowa, kioo hakikukubali. Akafuta kidole kwenye suruali, akagusa tena, hakikukubali. Alipokumbuka kuiepua sufuria, pembeni kulikuwa kumeshakuwa kweusi na moshi unapanda.

"Kikoje?" mzee akauliza. "Mimi nasikia feni tu. Hakijaungua?"

Waya aliangalia ndani ya sufuria.

"Hakijaungua, baba. Kizuri."

"Cha rangi gani?"

"Dhahabu."

"Basi hapo hapo. Tia nyanya," mzee akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefurahi. "Umeona? Hata kwa simu tunapika."

Waya akatia nyanya juu ya kitunguu kilichoungua, akakoroga, akasema, "Ndiyo, baba. Tunapika." Wakaendelea hivyo mpaka viazi vikaiva, mzee akieleza, yeye akiitikia, na alipomaliza alikaa mezani akaula mchuzi wote, mchungu vile vile.